Maua ya chikanda yamepotea mlimani kwetu Matamba. Ni nini hasa kilichoyamaliza?

1. MwanaMatamba

Wanajamvi, salaam.

Nimezaliwa na kukulia Matamba, wilayani Makete, na Januari hii nilirudi nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa ya kufanya kazi Dodoma. Nyuma ya nyumba ya wazazi wangu kuna mteremko wa nyasi ambao tulipokuwa watoto tuliukata kila asubuhi kwenda shule, na masika yalipokolea ulijaa maua ya chikanda, yaani okidi za ardhini, mengine ya waridi, mengine meupe, mengine ya rangi ya chungwa, yamesimama juu ya nyasi kama mishumaa. Safari hii niliutembea mteremko ule kwa zaidi ya saa nzima, juu hadi chini, nikakuta mashina manne tu.

Nilipouliza, kila mtu alinipa jibu lake. Kaka yangu anasema ni wachimbaji wanaouza Zambia. Jirani anasema ni mashamba ya viazi. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe akaniambia kwamba mvua zimebadilika, basi. Naomba wenye ujuzi na wenye kumbukumbu wanisaidie: maua haya yalimalizwa na nini, na je, yanaweza kurudi?

2. Mpakani

Dada, jibu lako linapita mbele ya macho yangu kila mwaka. Ninaishi Tunduma, na nina duka mita chache kutoka mahali ambapo magunia hupakuliwa. Chikanda huja kimechanganywa na maharage au kimefunikwa kwa viazi mviringo, kinavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kutoka hapo kinasambaa hadi Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba.

Kwa wasiokijua, kinachotafutwa si ua, ni kiazi kidogo kilicho chini ya ua. Hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi, mpaka kinakuwa kitu kizito kinachokatwa vipande kama mkate. Asili yake ni chakula cha Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, lakini sasa kinauzwa kila mahali, mitaani na sokoni. Zambia walichimba vya kwao mpaka vikaadimika, ndipo wachuuzi wakaanza kutazama milima yetu. Na si sisi peke yetu, kwa maana kinatoka pia Kongo na Malawi.

Mimi nimekila mara nyingi na ni kitamu. Sioni haya kusema hivyo, lakini ukweli wa kilimani kwenu uko ndani ya yale magunia.

3. Mwalimu Sayansi

Asante, Mpakani. Niongeze takwimu ili tusizungumze hewani. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika nyanda zetu za juu kuhusu biashara hii, na watafiti walikadiria kwamba kutoka wilaya ya Makete peke yake huchimbwa viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kwa mwaka. Walisema pia kwamba aina zinazoweza kuwa hatarini kutokana na biashara hiyo zinafikia 85.

Nambari hizo huwa kubwa zaidi mtu akijua jinsi mmea wenyewe unavyoishi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo kwa mbegu ya mahindi au ya maharage. Ikianguka ardhini haiwezi kuota mpaka ikutane na aina fulani ya kuvu wanaoishi udongoni, ambao ndio wanaoilisha katika siku zake za kwanza. Mbegu elfu nyingi hutawanywa na upepo, na zinazofanikiwa ni chache mno. Hata zile zilizofanikiwa hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Kwa hiyo ukichimba mimea mia moja leo, hujaondoa mimea mia moja ya mwaka huu tu. Umeondoa pia wazazi wa mimea ya miaka mingi ijayo.

4. Mkulima wa Ujuni

Mwalimu, hesabu zako siwezi kuzipinga, lakini naona wachimbaji wanabebeshwa mzigo ambao sehemu yake ni yangu. Ninalima viazi mviringo. Babu yangu alilima pareto na ngano kidogo kando ya nyumba, na kilima kilichobaki kilikuwa malisho. Mimi nimepasua nyasi za kilima kile ekari baada ya ekari, kwa sababu viazi vina soko Mbeya, Dar es Salaam na hata nje, na watoto wanasoma kwa viazi.

Mchimbaji anatoa kiazi na kuacha nyasi, na chini yake kuna udongo ule ule na hao kuvu uliowataja. Jembe langu haliachi kitu. Tunageuza udongo mara mbili kwa mwaka, tunaweka mbolea ya dukani, kisha tunapuliza dawa ya ukungu dhidi ya baka jani kila wiki mvua zinapokuwa nyingi. Sasa nauliza kwa dhati: dawa inayoua ukungu wa viazi itawaacha kuvu wa okidi?

5. Mwalimu Sayansi

Swali zuri sana, ndugu Mkulima, na ni swali ambalo wengi hawalifikirii. Dawa za ukungu hutofautiana katika utendaji wake, hivyo siwezi kutoa hukumu moja kwa zote. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba okidi za mbugani hazirudi zenyewe kwa urahisi katika shamba lililoachwa, hata likikaa na kuota nyasi tena, maana nyasi zinazoota baada ya jembe si zile za mwanzo.

6. Kipengere

Naona tunahangaika bure. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2002, iko mkoani Mbeya, ina walinzi. Okidi ziko salama humo. Mteremko mmoja wa Matamba haubadilishi jambo.

7. Mzee wa Isyonje

Kijana wangu Kipengere, nikurekebishe kwa upole. Tamko la kuifanya Kitulo kuwa hifadhi lilitolewa mwaka 2002, lakini ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Haiko Mbeya yote, kwa sababu sehemu kubwa iko Makete, ambayo ilikuwa Iringa mpaka mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Na ukubwa wake ni kilomita za mraba 413 hivi tu.

Ni kweli kwamba ni fahari yetu. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake, na sisi wenyeji tuliiita Bustani ya Mungu kabla mgeni yeyote hajaja kuhesabu. Waliohesabu walikuta aina 350 hivi za mimea, na kati ya hizo okidi za ardhini ni aina 45. Lakini mipaka hiyo haikuzunguka nyasi zote za milima hii. Nyasi za Matamba, za upande wa Uporoto na za kuelekea Njombe ziko nje, katika ardhi za vijiji. Ua halijui mpaka uko wapi, ila mchimbaji anajua vizuri sana, naye akifukuzwa ndani huchimba nje mara mbili.

8. Kipengere

Nimekubali, Mzee. Shikamoo na asante kwa masahihisho.

9. Milingoti Mia

Habari zenu. Mimi niko Mufindi, na nadhani suluhisho linajulikana: tupande miti. Vilima vitupu ndivyo vinavyopoteza viumbe. Sisi huku tuna milingoti na misindano kila upande, vilima ni vya kijani mwaka mzima, na watu wana kipato. Makete nao wameanza. Msitu ukirudi, viumbe watarudi.

10. Mwalimu Sayansi

Hapa, ndugu yangu, lazima nisimame imara, kwa sababu kosa hili hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Nyasi za Kitulo na za milima inayoizunguka hazikuwa msitu uliokatwa. Ni mbuga za nyasi za asili, za kale, zilizoko juu ya mita 2,000, na sehemu kubwa ya uwanda wa Kitulo ikiwa kwenye mita 2,600 hivi, mahali ambapo sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, hupiga mwezi Juni na Julai. Okidi za ardhini, maua jamii ya yungiyungi, zile tochi nyekundu zinazosimama kando ya vijito, vyote hivyo vinataka jua lote juu ya kichwa. Ukipanda msindano hapo, kivuli kinafunga, sindano zinafunika udongo, na baada ya miaka michache huoni ua hata moja.

Na si maua tu. Kuna mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayekuja kuzaliana katika nyasi hizi wakati wa mvua. Hajengi mtini. Hujenga ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yale yaliyochimbwa na muhanga. Mpandie miti kila mahali, naye atakosa pa kulala na pa kuwindia. Miti ina mahali pake, na Mufindi ina mashamba yake ya miti tangu zamani, lakini kijani si lazima kiwe uhai.

11. Milingoti Mia

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Sikuwahi kuambiwa kwamba nyasi zinaweza kuwa za asili. Katika semina zote tulizoitwa, nyasi ziliitwa ardhi iliyo wazi, nasi tukahimizwa kuijaza. Hata hivyo mtu mwenye ekari tatu za mteremko atakuuliza atasomesha mtoto kwa ua lipi.

12. Mchimbaji wa Zamani

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini kwa kuwa tunatajwa sana naona ni haki niseme.

Nilichimba chikanda tangu darasa la tano mpaka nilipomaliza la saba. Hatukuwa na wazo la kuharibu kitu. Mchuuzi alikuja kijijini na kopo lake, akasema kila kopo analipa hapo hapo, na kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa na fedha yake ya daftari na ya viatu. Tulitoka alfajiri watoto sita au saba, kila mmoja na kijembe kilichokwisha makali na mfuko wa salfeti begani. Tulijifunza kutambua kwa majani, kwa sababu ua likishanyauka ni majani tu yanayokuonyesha. Ukichimbua unakuta viazi viwili vimekaa pamoja kama pacha: kimoja kimesinyaa, laini, kimegeuka kahawia, na kingine kigumu, kimejaa, cheupe ndani. Kile kigumu ndicho mchuuzi alichokitaka. Kile kilichosinyaa tulikitupa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kile kilichosinyaa ni cha mwaka unaokwisha, kimeshatumika kuotesha shina na ua, na kile kigumu ndicho mmea wa mwaka ujao. Tulikuwa tunachukua mwaka ujao na kutupa mwaka uliopita. Siku niliyoelewa hivyo nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Kuhusu kuadimika, niseme nilichokiona. Mwaka wa kwanza tulijaza debe kabla ya saa nne asubuhi, mahali pasipofika mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Mwaka wa tatu tulikuwa tunavuka mabonde mawili na kulala huko, na tulirudi na nusu debe. Hapakuwa na shamba la viazi katika mabonde yale. Hapakuwa na msindano. Tulikuwa sisi tu na vijembe vyetu. Kwa hiyo ndugu Mkulima asijitwishe yote, ingawa namheshimu kwa kusema.

13. Mpakani

Mchimbaji, umenigusa. Na mimi niliyesifia utamu wake hapo juu, sasa sijui nikipita sokoni nitatazama wapi.

14. Dereva wa Hamsini na Saba

Utatazama kona za Chimala kama sisi, ndugu Mpakani, maana ukizitazama hizo huna nafasi ya kufikiria chakula! Mimi ndiye ninayepandisha na kushusha abiria katika kona zile hamsini na saba za kwenda Matamba, na ninathibitisha maneno ya mwanzisha uzi. Zamani watalii na wenyeji waliniomba nisimame mara kwa mara wapige picha kando ya barabara. Siku hizi wanaomba nisimame wakishakaribia hifadhini.

15. Ndaga Fijo

Niwatoe kidogo upande wa chikanda niwapeleke Rungwe, kisha nitarudi. Mwaka 2003 watafiti walimkuta katika misitu ya mlima Rungwe na ya Livingstone nyani mwenye mkia mrefu ambaye sayansi ilikuwa haimfahamu, kipunji. Mwaka 2004 akaonekana pia Ndundulu, katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka 2006, baada ya kupatikana kwa mmoja aliyenaswa katika mtego wa shamba la mahindi, wataalamu wakaona anastahili jenasi yake mwenyewe, wakaiita kwa jina la Rungwe. Hesabu ya kwanza kamili ilimpata 1,117 tu.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja tangu zamani. Wageni walisita kuamini kwa kuwa katika masimulizi yetu wanyama wa kweli na wa hadithi hukaa pamoja. Ninachotaka kusema ni hiki: kama nyani mkubwa kiasi kile aliweza kukaa bila kuandikwa popote mpaka karne hii, je, ni okidi ngapi zimekwishaliwa kabla hazijapewa jina? Na kwa nini mwanzisha uzi hajamuuliza mama yake, ambaye ameutazama mteremko ule maisha yake yote?

16. Mzee wa Isyonje

Huyo ni nyani au ni tumbili, Ndaga? Sisi tulifundishwa kwamba nyani ana pua ndefu.

17. Ndaga Fijo

Mzee, hata wataalamu walibishana hapo. Mwanzoni walimweka pamoja na jamii ya mangabe, ambao ni aina ya tumbili, kisha vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba ana undugu wa karibu na nyani wa kawaida, ingawa kwa umbo hafanani nao sana. Sisi tumeendelea kumwita kipunji.

18. Mzee wa Isyonje

Nimeelewa. Turudi kwenye nyasi, maana kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni moto.

Nilipokuwa kijana, wazee walichoma nyasi kwa utaratibu. Moto uliwashwa mapema, sakitu ikishakausha majani ya juu lakini ardhi ikiwa bado na unyevu, na uliwashwa vipande vipande, huku ukiungua, kule ukiachwa. Moto wa namna hiyo haukuwadhuru okidi, kwa kuwa viazi vimelala chini ya ardhi, na mvua zilipoanza maua yalitokeza vizuri zaidi mahali palipoungua, kwa sababu mwanga ulifika chini. Siku hizi watu wanaogopa faini, hakuna anayechoma mapema, nyasi zinarundikana, kisha Oktoba au Novemba mtu asiyejulikana anawasha au anaacha jiko la mkaa likiwaka shambani, na moto kichaa unapita kilima kizima kwa siku moja. Wakati huo machipukizi yameshaanza kutoka. Yanaungua yakiwa mabichi, na kile kiazi kimeshatumia nguvu zake.

Mimi naamini moto wa wakati mbaya umefanya kazi kubwa kuliko jembe na kijembe.

19. Mkulima wa Ujuni

Mzee, kwetu moto hupita kila mwaka na bado kuna kilima kimoja ambacho kina maua. Kilima hicho kina mawe, hakilimiki, na kiko karibu na makaburi, kwa hiyo hakuna anayechimba. Moto hauogopi makaburi.

20. Mzee wa Isyonje

Hoja yako ina uzito. Lakini uliza moto hupita hapo mwezi gani, na kama nyasi za kwenye mawe zina wingi wa kuunguza chini.

21. Asali ya Kilolo

Kamweneni. Mimi ni mfugaji nyuki, Kilolo, Iringa. Okidi sizijui sana, lakini najua maua. Ua lisilotembelewa halizai mbegu. Wengi wanafikiri kazi hiyo ni ya nyuki tu, kumbe ziko okidi zinazosubiri nondo wa usiku, nyingine vipepeo, nyingine ndege aina ya chozi, na kila moja ina umbo lake linalomfaa mgeni wake.

Mizinga yangu iliyo karibu na mashamba ya nyanya hupungua nguvu kila msimu wa kupuliza dawa, na iliyo mbali, kwenye msitu wa asili, haipungui. Sasa mteremko wa mwanzisha uzi, hata usichimbwe, hata usichomwe, kama pande zote umezungukwa na viazi vinavyopulizwa, nani atayatembelea yale mashina manne? Na mashina manne yakiwa ya aina nne tofauti, mgeni akija atapeleka chavua wapi?

22. Mwalimu Sayansi

Asali, hilo la mwisho ni zito kuliko unavyodhani. Mimea ya aina moja ikishakuwa michache na kila mmoja uko mbali na mwenzake, inaweza kuishi miaka mingi bila kuzaa, na mtu akiiona anadhani bado ipo. MwanaMatamba, je, unakumbuka yale manne yalikuwa ya aina moja?

23. Uyole Juu

Salaam. Swali la kilimo: kwa nini chikanda kisilimwe kama zao? Mahitaji yapo, bei ipo, wakulima wapo. Tukikilima, mlima utapumzika.

24. Mchimbaji wa Zamani

Tulijaribu, ndugu. Baba yangu alichukua viazi vidogo vilivyokataliwa na mchuuzi, akavifukia kwenye kitalu cha kabichi chenye mbolea nzuri ya samadi. Mwaka wa kwanza vilitoa majani machache. Mwaka wa pili hakuna kilichotokea.

25. Mwalimu Sayansi

Mbolea nyingi ndiyo huenda iliyoviua, Mchimbaji. Okidi hizi zimezoea udongo maskini. Mbegu zake zinaweza kuoteshwa maabara, ndani ya chupa, juu ya chakula maalumu, na ziko juhudi za namna hiyo upande wa Zambia. Lakini kutoka kwenye chupa mpaka kwenye shamba la mkulima wa kawaida ni safari ndefu, na wakati huo wote kiazi cha porini kinaendelea kuwa rahisi kuliko cha shambani, kwa kuwa anayekichimba hakugharimia kukiotesha.

26. Kipengere

Sheria je? Haizuii?

27. Mpakani

Okidi zote ziko katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na kuvusha mpaka kunahitaji kibali. Mimi sijawahi kuona kibali. Ninachokiona ni mama mwenye mzigo kichwani akisimamishwa, na gari kubwa likipita. Aliyechimba analipwa kidogo kuliko wote katika mnyororo huu na ndiye anayekamatwa kwanza.

28. Mchimbaji wa Zamani

Hilo nalijua mwilini. Mjomba wangu alilala mahabusu siku tatu kwa ajili ya nusu gunia, na alipotoka alirudi mlimani wiki ile ile, safari hii usiku, akichimba kwa tochi, kila kilichofika mbele ya jembe, kikubwa na kidogo. Ulinzi bila njia nyingine ya kupata ada ya shule ulimfanya achimbe vibaya zaidi.

29. Mkulima wa Ujuni

Na mimi niseme upande wangu. Nimesoma uzi huu usiku, na asubuhi nimekwenda kwenye kona ya shamba langu ambayo haijawahi kupasuliwa, yapata robo ekari, kwa sababu kuna chemchemi na panateleza. Nimekuta mimea yenye majani mawili mapana yaliyolala chini, nikaitambua kwa majani kama alivyosema Mchimbaji. Nimehesabu kumi na moja, haijachanua. Nimeweka miti minne kwenye pembe na kuwaambia vijana wa kibarua wasiguse. Swali langu kwa Mzee: je, nichome, na kama ni kuchoma, mwezi gani?

30. Mzee wa Isyonje

Usichome mwaka huu, mwanangu. Iache ichanue na imwage mbegu. Mwezi wa saba nitakuja mwenyewe tutazame nyasi zimesimamaje.

31. Asali ya Kilolo

Na kupuliza dawa, ukiweza, puliza jioni upepo ukiwa umetulia, na mistari mitatu ya mwisho upande wa chemchemi iache.

32. Mkulima wa Ujuni

Mistari mitatu ni gunia kama mbili hivi. Nitaanza na mmoja.

33. MwanaMatamba

Samahanini kwa kukawia, mtandao kwetu ni wa shida. Nimesoma kila neno, na asanteni wote. Mwalimu, yale manne hayakuwa ya aina moja: mawili ya waridi, moja jeupe, moja lenye rangi ya chungwa.

Nimefanya kama Ndaga alivyosema, nimempigia mama. Sikutarajia alichoniambia. Anasema kabla sijazaliwa mteremko ule ulikuwa malisho ya kijiji, ng'ombe na kondoo walikula pale wakati wa kiangazi, na nyasi zilikuwa fupi. Miaka ambayo mimi nakumbuka maua mengi ndiyo miaka ya kwanza baada ya mifugo kuhamishiwa bonde la pili. Anasema yeye mwenyewe alishangaa yalipotokea kwa wingi namna ile, na anafikiri yalikuwepo chini muda wote, yanaliwa kabla hayajachanua. Kisha wakaja wachuuzi, ndiyo, anawakumbuka, lakini anasema hata kabla yao nyasi zilishaanza kuwa ndefu na ngumu, na maua yakaanza kuhamia kando ya njia ya shule, mahali tulipokuwa tukikanyaga.

Sasa nimebaki na swali lingine kabisa. Kumbe wingi niliouona utotoni haukuwa wa siku zote?

34. Mzee wa Isyonje

Muulize mama yako malisho yale yalihamishwa mwaka gani, na kama kondoo walikuwa wengi kuliko ng'ombe, maana wanakula tofauti. Na njia ya shule bado ipo?

35. MwanaMatamba

Ipo, Mzee, lakini watoto sasa wanapita barabara mpya. Yale mashina manne yote niliyakuta kando yake.